Mwendo wa Radi Kavu

Mimi ni mtu wa kunung'unika. Naanza na hilo ili usije ukasema hukuonywa. Nanung'unika nikivaa viatu, nanung'unika nikivivua, na kule ghalani Okolona, hapa Louisville, tunakopakia maboksi, Mama Emérence anayesimama jirani yangu aliniambia kwamba siku nikinyamaza atamwita mchungaji aje kuniombea. Kwa hiyo watu walishangaa sana kwamba albamu mpya ya mume wangu ilipotoka, na kila Mkongo na kila Mrundi wa Amerika akawa na la kusema, mimi peke yangu nilifunga mdomo.

Mume wangu ni Cikuru, mpiga gitaa na mwimbaji wa Radi Kavu. Kama hukukulia kambini kule Kigoma, jina hilo halikuambii kitu, basi ngoja nikueleze. Sisi tulitoka Bukavu na vita vyetu, Warundi wakatoka kwao na vya kwao, tukakutana kwenye mahema yale yale. Huko Cikuru akampata Liberati, Mrundi aliyepiga chochote kinachotoa sauti: jerikeni, bati, benchi la kanisa. Wakampata na Aksanti wa Uvira, mpole, msiri, mtu wa kushika besi na kutazama chini. Dereva mmoja wa lori la msaada aliwaachia kaseti ya roki ya wazungu. Waliisikiliza mpaka utepe ukakatika, kisha wakasema na sisi tutapiga hivi.

Spika walikuwa nayo moja tu, ile iliyotangazia mgao wa unga mpaka ikapasuka. Gitaa likipita mle lilitoka likinguruma. Umeme ulikuwa wa betri ya gari, nayo ilikuwa imechoka, kwa hiyo walipiga mbio mbio ili wamalize nyimbo kabla haijafa. Ngurumo bila mvua, watu wakasema, radi kavu. Kila Jumamosi walipiga karibu na mabomba ya maji, nasi wasichana tulikuwa tumepanga foleni na ndoo zetu, hatukuwa na pa kukimbilia. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa "Foleni ya Maji". Kibwagizo chake kambi nzima ilikijua. Beti zake, kwa mbio zile na spika ile, hakuna aliyezisikia, na hakuna aliyeuliza.

Kisha tukatawanywa. Sisi tukaletwa Louisville, Aksanti Columbus, Liberati Buffalo. Gitaa likalala miaka mingi. Majira ya baridi yaliyopita, wazee hawa wakakutana kwa Aksanti, katika chumba cha chini ya nyumba yake, wakarekodi nyimbo za zamani na mpya. Albamu wakaiita Tumefika. Nilidhani watu watashangilia kisha waende kulala. Nilisahau watu wetu.

Wa kwanza kurusha jiwe alikuwa Gatsinzi wa Buffalo. Gatsinzi ana kipindi chake cha YouTube anachokirekodi ndani ya gari kabla ya kuingia zamu kiwandani, amefunga mkanda ingawa gari limezimwa. Wafuasi wake ni wengi kuliko wa mchungaji. Alianza kwa kusifia enzi za kambini, akasema alikuwa mtoto akipanda juu ya tangi la maji ili awaone Radi Kavu, na sauti ikamtetemeka. Nikajua mambo ni mazuri. Kisha akavua miwani.

"Ndugu zangu," akasema, "Radi Kavu ya zamani ilikuwa inapiga. Hii ya sasa inasindikiza maiti. Polepole, polepole, utadhani wanaogopa kumwamsha marehemu. Hawa ni wazee waliochoka, na aliyechoka apumzike."

Haikupita muda akajibiwa na Methodi wa Columbus. Methodi ni kijana wa Kirundi anayefanya utafiti wa udongo chuo kikuu. Amepanga chumba pale pale jirani na chuo, na akiandika Facebook haandiki kama watu. Aliandika kwamba utulivu wa albamu ile ni ukomavu wa msafiri aliyekwisha kutua mzigo, na kwamba mwendo wa taratibu ni falsafa nzima ya kufika. Nilisoma mara mbili. Sikuambulia kitu, ila nilitambua kwamba anasifia, nikambofyia moyo.

Hapo moto ukashika. Kundi la WhatsApp la Mashabiki wa Radi Kavu likapasuka, wengine wakaanzisha la kwao, Mashabiki wa Radi Kavu Halisi. Kanisani kwetu wazee wa kwaya walisema hatimaye Cikuru anapiga kitu kinachoweza kusikika mbele ya Mungu. Vijana wakasema ndiyo maana hakifai. Mama Emérence alisema ni nzuri sana kwa kupiga pasi, na kwake hiyo ni sifa. Mtu mmoja nisiyemjua aliniandikia kutoka Arizona akiniuliza kama mume wangu anaumwa.

Cikuru alisoma yote. Akitoka kazini hakuvua hata koti, alikaa mezani na simu, anasoma huku midomo inacheza. Kila mara aliishia kwangu.

"Mama Précieux, bon, weye unasemaka nini?"

"Muziki iko muziki. Kula, chakula inapoa."

Mama yangu alinifunza kwamba ukimsifia mgema, tembo hulitia maji, na katika ndoa yangu nimeishi kwa neno hilo. Cikuru hajawahi kusikia sifa kutoka kinywani mwangu, na tembo lake halijawahi kuwa na maji. Lakini safari hii si hilo tu lililonifunga mdomo. Nilikuwa na langu kuhusu "Foleni ya Maji". Niliusikiliza wimbo huo garini, kwenye maegesho ya ghala, kabla ya zamu, nikachelewa kuingia, msimamizi akanipa onyo. Neno langu likanikaa kooni tangu siku hiyo. Nitalitoa mahali pake.

Siku moja nikakuta gitaa halipo sebuleni. Nilitafuta mpaka nikaliona kabatini, nyuma ya makoti ya baridi, limegeuzwa uso ukutani. Wewe humjui Cikuru wa miaka yetu ya kwanza hapa. Alienda kazini, akarudi, akala, akalala. Binti yetu Précieux alikua akidhani baba yake ni mtu wa maneno machache, mwanamume yule aliyekuwa akiongea mpaka na mbuzi za watu. Siku aliyonunua gitaa hilo, la mtumba, alikaa jikoni akalikuna kidogo, kisha akaanza kunisimulia habari za mjomba wake na baiskeli, na hakunyamaza tena. Gitaa lile ndilo lililonirudishia mume. Nisingekubali linyamaze nyuma ya makoti kwa sababu ya mtu aliyefunga mkanda kwenye gari lililozimwa.

"Na Columbus je?" nikamuuliza. Walikuwa wameahidi kuzindua albamu Columbus, katika ukumbi wa kanisa la Aksanti, maana ni katikati yetu na watu wa Buffalo.

"Columbus nitaenda, juu tulishaahidi. Kisha ya Columbus, ile gitaa nitaipatia kanisa. Nimechoka kuitwa maiti."

"Basi mupige mbio kama zamani! Shida iko wapi?"

Akainuka, akafunga mlango, ingawa nyumbani tulikuwa sisi wawili tu.

"Liberati mukono yake imekufa," akasema.

Akanieleza. Siku za kurekodi alimwona Liberati amefunga mkono wa kulia kwa kitambaa, anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, na akiguswa anaruka. "Anakataka nyama kule Buffalo, mu ile baridi ya mashini. Imemumaliza. Donc nilipunguza mwendo. Nikasema ni mimi napenda hivi. Yeye hajui, na hatajua. Ukimwambia, Mama Précieux, utakuwa umemuua."

Ndivyo tulivyolelewa. Kambini ukimkuta mwenzio anakunywa uji bila sukari, hukumwonea huruma, ulisema na wewe sukari huipendi, mkanywa. Lakini huo ni uji. Huyu alikuwa amepigwa mawe na Gatsinzi mbele ya dunia nzima, angeweza kujitetea kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ameimeza. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, maana siku ya harusi viatu vilinibana. Sikumwambia. Nilimwambia atoe taka.

Wiki ya uzinduzi Kostansia akanipigia simu. Ni mke wa Liberati, mwanamke wa sauti ya chini anayeongea Kiswahili safi cha Kigoma kama mtangazaji.

"Dada, nimejaa aibu," akasema. "Huyu Gatsinzi anasali kwetu, anakaa benchi la mbele yangu. Kila Jumapili natamani kumfinya. Mwambie shemeji asimjali. Sisi tunajua sababu. Vidole navyo ni nyama, vikichoka vimechoka."

"Vidole gani?"

Akarukia habari ya sambusa za uzinduzi.

"Kostansia. Vidole gani?"

"Yesu wangu. Nilidhani wewe unajua." Ikabidi aseme. Siku za kurekodi, Liberati alimwona Cikuru amevaa glavu kila baada ya wimbo, anapuliza vidole, anavikunja na kuvikunjua. "Akaniambia, mwenzangu vidole vimekufa ganzi kwa yale maboksi ya Louisville. Nikipiga kama zamani nitamwaibisha mbele ya watu. Akapunguza mwendo, dada. Akaniapisha nisimwambie mtu."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshika kikapu cha nguo, nikakiacha kiende zake.

"Kostansia, Baba Précieux alivaa glavu sababu kule chini kwa Aksanti kuna baridi ya kuua panya. Vidole yake iko mizima. Jana alifungua kopo nilishindwa mimi." Kisha nikakumbuka. "Na mukono ya Liberati?"

"Una nini mkono wa Liberati?"

"Kile kitambaa!"

"Aa, kile!" Akaanza kucheka kabla ya kunieleza. "Aliiba andazi kwenye karai la binti yetu Dafroza kabla halijaiva. Mafuta yakamuunguza. Kidonda kilipona wiki ile ile."

Tulicheka mpaka Kostansia akakohoa. Kisha hasira zikanipanda. Wanaume wawili wazima, kila mmoja anamvizia mwenzake apate kumsitiri, wakaishia kupiga roki kwa mwendo wa mazishi, mmoja nchi nzima inamwita maiti, mwingine kule Buffalo anainamisha kichwa kwa aibu kanisani. Na profesa wa udongo anatuambia ni falsafa ya kufika! Falsafa ya andazi.

Tulikubaliana tusiseme kwa simu. Mwanamume wa kwetu ukimwambia jambo la aibu kwa simu anakata, halafu anasema ni mtandao. Tutawaambia uso kwa uso, Columbus, kabla hawajapanda jukwaani.

Jumamosi Précieux akatuendesha. Cikuru alikaa mbele, gitaa amelilaza nyuma karibu nami. Njia nzima aliongea mara moja tu, kusema kwamba mchungaji ameshaambiwa habari ya gitaa na amefurahi. Précieux akanitazama kwenye kioo. Nikamfanyia ishara aangalie barabara.

Ukumbi ulikuwa umejaa kabla ya saa nane mchana. Watu wa Buffalo walikuja na basi la kukodi. Gatsinzi nikamwona safu ya mbele, simu yake kwenye kijiti, ananyoosha kola. Kiti cha tatu kutoka kwake ameketi Methodi, amevaa koti la suti na shati limefungwa mpaka juu. Kila mmoja alijifanya hamwoni mwenzake.

Mimi na Kostansia tukawaita waume zetu jikoni, tulipokuwa tunapanga sambusa. Aksanti naye akafuata, akasimama kando ya friji.

"Liberati, shemeji," nikasema, "mukono yako inauma?"

"Mkono gani?" Akaigeuza yote miwili. Haikuwa na hata alama.

"Na weye, Baba Précieux, vidole?"

"Vidole zangu ziko na nini?"

Kostansia akamaliza, kwa ile sauti yake ya chini, neno baada ya neno: glavu, andazi, mwendo, kiapo. Nilingoja wacheke. Nilikuwa na hakika watacheka, wakumbatiane, tuendelee na sambusa.

Hawakucheka.

"Donc ulinionea huruma," Cikuru akasema polepole. "Mimi. Ulifikiri nimezeeka."

"Na wewe je?" Liberati akajibu. "Mimi niliyepiga benchi la kanisa mpaka likavunjika? Ulinipigia polepole kama mtoto?"

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Kwa nini wewe hukuniuliza?"

Wakamgeukia Aksanti kwa pamoja. Aksanti alikuwa anatazama chini, kama kawaida yake, lakini safari hii shingo yake ilikuwa na jasho.

"Kila mutu alinivuta kando," akasema. "Wote wawili. Kila mutu alisema: enda polepole juu ya mwenzako, na usiseme. Bon, niliapa. Niliapa mara mbili. Mungu anajua nilikuwa mu hali gani."

Liberati akatoka jikoni. Cikuru akachukua gitaa akamfuata, si kwa kumfuata, bali kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Nikabaki na Kostansia tukitazamana. Nilikuwa nimeondoka Louisville nikitaka kuokoa gitaa, sasa nimeua na bendi.

"Dada," Kostansia akaninong'oneza, "tumeharibu."

"Nyamaza, tupeleke sambusa," nikasema, na sauti haikuwa yangu.

Walipanda jukwaani bila kuangaliana. Cikuru hakusalimia watu. Alimtupia Liberati jicho moja la dharau, Liberati akalirudisha, akagonga vijiti mara nne, na kumbe alikuwa amegonga kwa mwendo wa kambini.

Watu wangu! Ukumbi ulilipuka. Wazee wa Buffalo waliruka kama wamekanyaga siafu. Gatsinzi alipiga ukelele, akaacha kijiti cha simu kikaanguka, akapanda juu ya kiti chake, yule yule mtoto wa juu ya tangi. Alilia machozi, na hakuyafuta. Cikuru alikuwa anapiga kumwonyesha Liberati, Liberati anapiga kumwonyesha Cikuru, Aksanti katikati anawakimbiza kwa besi yake kama mtu aliyefungua zizi kwa bahati mbaya. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele, nami si mtu wa vigelegele. Methodi peke yake alikaa, mikono magotini, anaona falsafa yake inakanyagwa.

Wimbo ukaisha. Bila kupumua wakaingia wa pili, mbio zaidi. Katikati ya ubeti wa kwanza nikaona uso wa Cikuru umebadilika rangi. Namjua. Ni ule uso wa kupandisha friji ghorofani. Liberati mdomo ulikuwa wazi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupunguza, wakaendelea kukimbizana, na watu wakaendelea kushangilia, mpaka kijiti kikamtoka Liberati kikaruka kikaangukia mapajani mwa mama mmoja safu ya pili. Akaendelea kwa mkono. Cikuru akajaribu kuimba, hewa ikakataa, ikatoka sauti ya mlango mbovu. Akakosea nyuzi, akakosea tena, akarudi nyuma akakaa juu ya spika, kifua kinapanda na kushuka. Muziki ukafa vipande vipande. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Aksanti.

Gatsinzi yuko juu ya kiti, mikono hewani.

Cikuru akamgeukia Liberati. Liberati alikuwa ameinamia ngoma, mabega yanatikisika, nikadhani ni moyo, nikashika mkono wa Kostansia. Akainua uso. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, maana pumzi haikuwepo, akimwelekezea Cikuru kidole. Na Cikuru akaanza. Wazee wale walicheka pale jukwaani mpaka Cikuru akashuka kwenye spika akakaa sakafuni, na Liberati akaja kumwinua, wakashindwa wote wawili, akabaki naye pale chini, wamekumbatiana.

Hatimaye Cikuru akafikia maikrofoni.

"Batu ba Buffalo," akasema, anahema, "mulitaka mbio, muliiona. Njo hiyo. Iko nyimbo moja na nusu." Watu wakacheka. "Kule kambini tulikuwaka tunakimbia juu betri ilikuwa inataka kufa. Leo umeme ni ya kanisa. Donc mutuache."

Akamtazama Liberati. Liberati akarudi kwenye ngoma, yule mama akamrushia kijiti chake, akakidaka kwa mkono wa andazi. Akagonga mara nne, taratibu, kama albamuni. Safari hii hakuna aliyekuwa anamfichia mwenzake kitu. Ulikuwa mwendo wao.

Ukawa "Foleni ya Maji". Kibwagizo tuliimba wote. Kisha ukaja ubeti wa pili, ule nilioukuta garini kwenye maegesho ya ghala, na kila neno lilisikika mpaka mlangoni:

Yule mwenye ndoo anayenung'unika,
anung'unikia jua, anung'unikia maji,
nipeni nami ndoo nisimame nyuma yake,
tunung'unike wawili mpaka tufike.

Nikarudi jikoni. Kuna sufuria zilikuwa zinataka kuoshwa.

Baadaye, watu wanakula, nilipita na sahani nikawakuta Gatsinzi na Methodi wamekaa meza moja, wanabishana midomo imejaa sambusa. Gatsinzi alisema wimbo wa kwanza umethibitisha maneno yake yote. Methodi alisema wa tatu umethibitisha ya kwake, ila sasa itabidi aandike upya, kwa sababu hakujua habari ya betri. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba uliopita nyimbo zote ni ule wa pili, ulioanguka. Gatsinzi akanishika mkono wa gauni, akaniwekea simu mbele ya uso.

"Mama Précieux, watazamaji wanauliza. Wewe unaishi naye. Albamu unaionaje?"

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema. "Na weye fungua mukanda siku nyingine."

Cikuru alikuja jikoni wakati watu wanakunja viti. Shati lake lilikuwa limelowa jasho na limekauka. Nilikuwa nimepiga deki, ndoo mbili za maji machafu zipo mlangoni, zinangoja kumwagwa nje. Akaegemea friji, mahali pale pale alipokuwa amesimama Aksanti.

"Bon," akasema. "Gatsinzi alisema. Methodi alisema. Weye unasemaka nini?"

Nikafuta mikono. Mgema na tembo lake vikanipita kichwani, nikaviacha vipite.

"Ile nyimbo ya maji," nikasema. "Ubeti ya pili. Ile mwenye kunung'unika iko nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ni nani mwingine mu kambi muzima alikuwaka ananung'unika vile?"

"Na juu ya nini hauniambiaka?"

"Mimi?" Akaweka mkono kifuani. "Mama Précieux, nilikuwaka nakwambia kila Jumamosi! Na spika! Mbele ya batu bote!"

"Ulikuwa unakimbia," nikasema. Na hapo nikaona haya, nikageukia beseni. "Miaka hii yote, Cikuru. Ulikuwa unakimbia. Sikusikiaka hata neno moja."

Nilisikia tu hatua zake, kisha mkono wake mgongoni mwangu, vidole vitano, vizima vyote.

"Iko muzuri," nikamwambia beseni. "Albamu. Iko muzuri sana. Usiibadilishe mwendo. Na gitaa usipatie kanisa, kanisa iko na vinanda mbili na hakuna mwenye anajua kuvipiga."

Nikainama nikachukua ndoo moja. Yeye akachukua ya pili, akasimama nyuma yangu, akangoja. Nikaelewa anangoja nini. Nikasukuma mlango kwa bega, nikaanza na baridi ya Columbus. Yeye akaanza na Gatsinzi.